Nani Alisema Meno Yamepinda?

Ukishuka steji ya City Stadium kwenye Jogoo Road, harufu ndiyo itakayokupeleka Soko la Burma. Moshi wa nyama, kuku wanaopiga kelele vizimbani, vijana wanaokushika mkono wakikuita kastoma kabla hujasema unataka nini. Jumamosi moja nilimleta sista yangu hapa. Yuko kidato cha tatu na ana tabia ya kucheka akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Nilitaka kumpoza. Wiki hiyo tulikuwa tumetoka kwa daktari wa kupanga meno, tukaambiwa laki mbili na ushee, malipo ya kwanza elfu sitini. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo iliyokuwa ndogo kuliko hiyo.

Lakini pesa haikuwa habari mbaya zaidi siku ile. Daktari aliitazama picha ya eksirei, kisha akamuuliza mathee swali moja: "Mama, huyu akiwa mtoto mchanga, kuna mtu alimtoa meno ya plastiki?" Mathee akanyamaza. Akanyamaza hadi tukafika nyumbani.

Nitarudi kwa hilo. Kwanza niwaambie kuhusu mzee wa bucha.

Alikuwa akitukatia mbavu, akamwona sista akitafuna upande mmoja. Akamuuliza kama jino linauma. Sista akasema haliumi, limepinda tu. Mzee akacheka. "Baba yangu alichongwa meno ya mbele yakawa kama ya mamba, na hakuna msichana Machakos aliyemwambia yamepinda. Alienda nayo Burma, akarudi nayo."

Hilo jina la soko tunalitamka kila siku bila kulifikiria. Burma ni nchi, siku hizi inaitwa Myanmar. Mwaka 1944 Kikosi cha 11 cha Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa askari wa King's African Rifles, waliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika, kwenye matope na malaria, na mnamo Desemba wakavuka mto Chindwin. Wakamba walikuwa wengi jeshini kuliko idadi yao nchini, kwa sababu Waingereza walikuwa wameamua kwamba hao ni watu wa vita. Walioponea walirudi Nairobi, na kumbukumbu ya vita vyao ikabaki kwenye jina la soko.

Sasa fikiria vinywa vilivyokuwa kwenye zile meli. Mkamba aliyechongwa meno ya juu yakawa na ncha. Mmaasai aliyeng'olewa mawili ya chini katikati. Mluo aliyeng'olewa sita ya mbele chini, ile desturi inayoitwa nago. Leo tungewapanga wote kwenye foleni ya daktari. Kwao, hayo ndiyo yalikuwa meno yaliyonyooka, meno ya mtu mzima aliyekubaliwa na watu wake.

Dani, nyanya yetu mzaa baba, alikuwa na nago. Alikuja Kaloleni kumfuata babu, kwenye zile nyumba za mawe zilizojengwa miaka ya 1940, hatua chache kutoka Burma. Alituambia kwamba siku ya kung'olewa hukulia. Ukilia, unaaibisha nyumba nzima. Nilimuuliza kwa nini, akanipa sababu mbili. Ya kwanza, mtu akishikwa na pepopunda taya likajifunga, anaweza kunyweshwa uji kupitia lile pengo. Ya pili aliitoa kwa sauti ya chini: "Bila hiyo, nani angekuoa?"

Sababu ya pepopunda utaisikia pia kwa Wamaasai, na ina akili yake. Lakini mimi naona ile ya pili ndiyo iliyokuwa na nguvu. Kinywa kilikuwa kitambulisho, na kitambulisho hubadilika serikali ikibadilika. Misheni ilipokuja na shule zake, pengo lile lile likaanza kuitwa ushamba. Watoto wa Dani hawakung'olewa hata mmoja. Na yeye mwenyewe, miaka yake ya mwisho, alianza kufunika mdomo kwa kiganja akicheka. Enyewe, sista hakuigundua hiyo ishara. Aliirithi.

Kule Ulaya nao walikuwa na historia yao. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kikubwa cha tiba ya meno, na ndani yake kuna kipande cha chuma chenye umbo la kwato ya farasi, kilichofungwa kwenye meno kwa nyuzi ili kuyatanua. Mwaka 1899 Mmarekani Edward Angle aligawa matatizo ya kukutana kwa meno katika makundi matatu, akitazama jinsi gego la kwanza la juu linavyokaa juu ya lile la chini. Kundi la kwanza, magego yanakutana sawa lakini ya mbele yamebanana au yamejizungusha. La pili, ya chini yako nyuma, kwa hiyo mara nyingi ya juu yanachomoza. La tatu, taya la chini limetangulia. Madaktari wanatumia mgawanyo huo hadi leo, wakiongeza mengine: meno ya mbele yasiyogusana hata ukiuma, au ya juu yanayofunga ndani ya yale ya chini.

Angle pia alitafuta mfano wa uso uliopangika. Akautaja wa Apollo Belvedere, sanamu ya mungu wa Wagiriki iliyoko Vatican. Hapo nilicheka peke yangu kwenye matatu. Kwa hiyo Dani alipimwa na wazee wa kijiji, na sisi tunapimwa na jiwe la Roma. Na pwani, kwa Waswahili, mwanya kati ya meno mawili ya mbele juu ni urembo wa kusifiwa, wakati kwingine mtu analipa pesa uzibwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu watoto wa Nairobi wa miaka 13 hadi 15 ulikuta asilimia 72 wana hitilafu fulani ya mpangilio. Ikiwa karibu robo tatu ya watoto wa mji "wamepinda," pengine rula nayo iangaliwe.

Ningeishia hapo ningekuwa na makala safi: urembo ni siasa, jipende ulivyo, kwaheri. Lakini sista hawezi kuuma mkate upande wa kushoto. Chonge yake ya chini haipo. Meno ya jirani yameinama kuziba nafasi, mstari wa katikati umehama, na ya juu yanagonga ufizi hadi unatoka damu. Hilo halikuletwa na Apollo.

Mathee alizungumza usiku, baada ya chakula, bila kututazama. Sista akiwa na miezi mitano aliharisha siku nne, akawa na homa. Mama mmoja wa ploti alimfunua ufizi, akaonyesha uvimbe mweupe: "Haya ni meno ya plastiki. Yasipotoka, mtoto ataenda." Akayachokoa kwa spoku ya baiskeli iliyochomwa motoni. Mathee alikuwa na miaka ishirini na mbili na mtoto mgonjwa mikononi. Kuharisha kuliisha, kama kunavyoisha mara nyingi, na yule mama akapewa sifa.

Ule uvimbe mweupe ulikuwa jino changa la kawaida, chonge ya utotoni ikijiandaa. Ukiuchokoa, unaweza kuharibu pia mbegu ya jino la ukubwani iliyo karibu. Tanzania wanaita meno ya nailoni, Uganda wanaita ebinyo, na watafiti wa meno walilikuta jambo hili kwa Wamaasai wa Kenya miaka ya 1990. Kuna watoto wanaotokwa na damu nyingi, kuna wanaopata maambukizi na kufa. Wanaopona wanakua na pengo lisiloeleweka, hadi siku daktari atakapouliza swali.

Nililala nikiwaza tofauti ya Dani na sista. Dani alipokea pengo mbele ya watu, likiwa na jina na heshima. Sista alipewa lake kwa siri, kwa hofu, na kwa miaka kumi na sita akaambiwa ni meno yake tu yameota vibaya.

Wiki iliyofuata alinionyesha simu. Bresi za fasheni, 2,500, mtu anakuja kukufungia nyumbani. Nilimwelezea nilichoelezwa na daktari. Jino haliko kama msumari kwenye ubao. Waya unapolisukuma, mfupa upande unaobanwa humeng'enywa, na upande ulioachwa wazi mfupa mpya hujengwa. Ni kazi ya polepole, mwaka mmoja na nusu, miwili, hata zaidi, na baadaye unavaa kishikizo ili meno yasirudi yalikotoka. Ukisukuma kwa nguvu bila hesabu unaweza kuharibu mzizi, jino likalegea. Anayekufungia sebuleni hana eksirei, na hatakuwepo likilegea.

Kuhusu waya wenyewe nilimpa hadithi moja aliyoipenda. Waya laini wa nikeli na titani unaotumika siku hizi, ule unaorudia umbo lake ukiukunja, ulitoka kwenye maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, na ukaingia vinywani miaka ya 1970. Akasema, "Kwa hivyo hata hii ni ya vita." Ndiyo, nikamwambia, kama Burma.

Tumeamua hivi. Yuko kwenye orodha ya hospitali moja ya umma yenye bei afadhali, foleni ni ndefu. Meno yatanyooshwa, nafasi ya chonge ifunguliwe, na taya likimaliza kukua atawekewa jino la bandia. Mimi naandika kila ninachopata cha kuandika. Mathee ameingia chama kingine.

Na ameanza jambo ambalo hatukumwomba. Kwenye ploti kuna msichana aliyejifungua juzi. Mathee alimpeleka kando, akamfungulia sista mdomo kama mwalimu anayefungua kitabu, akamwonyesha lile pengo. Akamwambia mtoto akiharisha ampe maji ya chumvi na sukari yale ya zahanati, ampeleke kliniki, na mtu yeyote akitaja meno ya plastiki amfukuze.

Sista alisimama pale mdomo wazi, mikono yote miwili chini.