Jedwali la kati: kisa cha data isiyokuwa na mwenyewe

Juni 1970, Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM mjini San Jose, California, alichapisha makala iliyokuja kubadili namna benki, viwanda na serikali zinavyotunza kumbukumbu. Mmoja wa mifano yake ya mwanzo ulikuwa jedwali la ugavi lenye safuwima nne: mgavi, kipuri, mradi na idadi.

Hiyo idadi ndiyo kiini cha kisa chetu. Haiwezi kuandikwa kwa mgavi, kwani mgavi hupeleka vipuri vingi kwenye miradi mingi. Haiwezi kuandikwa kwa kipuri pia, kwani kipuri kimoja huletwa na wagavi kadhaa. Ni mali ya uhusiano wenyewe. Kanzidata za kabla ya Codd, mathalani IMS ya IBM, zilipanga kumbukumbu kama mti wa ukoo: kila mtoto na mzazi mmoja. Uhusiano wa namna hiyo, wa wengi kwa wengi, haukukaa vizuri humo. Kwa Codd ulikuwa jedwali kama majedwali mengine.

Mwaka 1976, Peter Chen wa chuo cha MIT aliliweka jambo hilo wazi zaidi. Katika michoro yake, wafanyakazi na miradi waliunganishwa na uhusiano, na uhusiano huo ukapewa sifa yake: asilimia ya muda ambao mfanyakazi fulani anautoa kwa mradi fulani.

Kwa watu wa kanzidata, basi, suala lilikuwa limekwisha. Lilifufuka pale lugha za programu kama Smalltalk na Java zilipopata nguvu. Lugha hizo huona ulimwengu kama vitu: mwanafunzi ana orodha ya kozi, kozi ina orodha ya wanafunzi. Zikazaliwa programu za kutafsiri kati ya vitu na majedwali. TopLink ilitangulia miaka ya 1990, na mwaka 2001 Gavin King, akiwa Australia, akaanzisha Hibernate. Programu hizi ziliweza kulificha kabisa jedwali la kati, yaani lile linalounganisha majedwali mawili. Mwandishi wa programu aliongeza kozi kwenye orodha, na namba mbili, ya mwanafunzi na ya kozi, zikaandikwa zenyewe kwenye kanzidata.

Raha hiyo ilidumu mpaka mwalimu alipotaka kuingiza alama. Alama aliyopata mwanafunzi, tuseme Asha, katika Hisabati si ya Asha peke yake wala si ya Hisabati. Orodha tupu haina pa kuiweka.

Machi 2006, toleo la 1.1 la Rails, mfumo wa kuundia tovuti, lilileta njia ya kuunganisha klasi mbili (violezo vya vitu) kupitia klasi ya tatu, ambayo huweza kubeba safuwima zake. Mei mwaka huohuo, kanuni za JPA za Java zilitoka na uhusiano wa wengi kwa wengi usiokuwa na nafasi ya safuwima za ziada. Anayezihitaji huunda klasi, tuseme Usajili, yenye viungo viwili vya wengi kwa mmoja. Django, mfumo mwingine wa kuundia tovuti, ikafuata katika toleo la 1.0 la Septemba 2008. Mwongozo wake hutoa mfano wa kundi la Beatles: uanachama wa Ringo Starr una tarehe yake, 16 Agosti 1962, na sababu ya kualikwa: kundi lilihitaji mpiga ngoma mpya.

Microsoft walipita njia ya kinyume. Entity Framework Core, programu yao ya kutafsiri kati ya vitu na majedwali, ilipotoka mwaka 2016 ilimlazimu kila mtu kuandika klasi ya kati, hata isiyobeba chochote cha ziada. Toleo la 5.0 la Novemba 2020 ndilo lililoruhusu kuificha, huku likimwachia anayetaka nafasi ya kuongeza sehemu zake.

Ukiunda mfumo leo, jiulize mapema: je, uhusiano huu utahitaji tarehe, hali, bei au jina la aliyeuidhinisha? Mara nyingi jibu ni ndiyo, kama si leo, mwakani. Basi lipe jedwali la kati klasi yake na jina linaloeleweka, Usajili, Uanachama au Ugavi, tangu siku ya kwanza. Kuligeuza baadaye, data ikiwa imejaa na kurasa zote zikiitegemea orodha tupu, ni kazi ghali zaidi.