Trekta Letu Kuukuu na Shamba la Bondeni

Wapo wanaotuuliza mpaka leo: akina mama wa kuweka na kukopa, dizeli mmeifuata wapi? Inabidi tuanze mbali kidogo.

Wazee wetu walikaa bondeni Rufiji. Wakati wa mafuriko walilala juu ya madungu, na maji yakishuka wakapanda mlau kwenye unyevu uliobaki. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ikahamishia watu wengi kwenye vijiji vya juu. Mashamba hayakuhama. Aliyeshuka alfajiri na jembe begani, akapanda jioni na kuni kichwani, alikuwa mama.

Trekta lenyewe si geni huku. Wakoloni waliyaleta bondeni baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango ukafa. Miaka ya 1980 pale Kibaha yaliunganishwa matrekta ya Valmet kutoka Finland. Lakini mama wa kawaida alipata la kulipia kwa ekari, tena kwa foleni, na mvua haingoji foleni.

Ndiyo maana mwaka wetu wa nne tukanunua la kwetu, mtumba: Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa 1964, injini ya Perkins ya silinda tatu. Kuukuu kweli, ila halina umeme mwingi wa kusumbua, na fundi wa kijijini analielewa.

Mtihani ulikuja Aprili 2024, mafuriko yalipoingia Rufiji na Kibiti. Maji yalipita juu ya injini. Mikopo ya ada ikasimama, na baadhi yetu (hatuwalaumu, njaa ilikuwa mlangoni) walitaka liuzwe chuma chakavu. Kikao kilikwenda mpaka magharibi. Tukakubaliana kutengeneza.

Fundi alikataza mtu asiguse stata. Maji hayashindiliki kama hewa. Injini ikizungushwa yakiwa ndani ya silinda, mikono ya pistoni hupinda. Basi tukamwaga oili, imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Tukamwaga na dizeli yote. Nozeli zikafunguliwa, injini ikazungushwa taratibu kwa mkono, maji yakaruka nje. Filta mpya, oili mpya, ikanguruma dakika chache, oili ikamwagwa tena. Bakuli la oili la kuchujia hewa lilikuwa limejaa tope tupu, tukalisugua wenyewe kama sufuria.

Tangu hapo zamu ni yetu. Oili na maji ya rejeta hupimwa kabla ya kuwasha, grisi kila jioni, saa za kazi zinaandikwa daftarini. Dereva haruhusiwi kumaliza tenki: dizeli ikikauka hewa huingia kwenye mabomba, halafu ni kulegeza nati na kupiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, nusu siku imekwenda.

Mikopo ya ada imerudi. Stata ndiyo bado haijapona vizuri, kwa hiyo trekta linalala kwenye mteremko, na asubuhi wenye zamu wanalisukuma likawaka.