Asili na Muundo wa Kisu cha Uswisi

Kisu cha kukunja si uvumbuzi wa zama zetu. Warumi walikuwa nacho, na katika makumbusho ya Fitzwilliam, mjini Cambridge, kimehifadhiwa chombo chao chenye kisu, kijiko na uma, vyote vikikunjika katika mpini mmoja. Basi asemaye kwamba Karl Elsener wa Uswisi ndiye aliyebuni wazo la kukusanya vyombo vingi mahali pamoja humpa sifa isiyo yake na kumnyima iliyo yake. Sifa yake imefichwa ndani ya kisu: ni namna alivyoitumia kamani.

Elsener alifungua karakana ya visu mwaka 1884 katika kijiji cha Ibach, jimbo la Schwyz. Siku hizo kazi zilikuwa haba, na watu wengi walihama kwenda ng'ambo kutafuta riziki. Mwaka 1889 jeshi la Uswisi lilichagua bunduki mpya ya Schmidt-Rubin, ambayo kuifungua kulihitaji bisibisi. Tena chakula cha askari kilikuja katika makopo. Kwa hiyo kilitakiwa kisu kimoja cha mfukoni, chenye bapa, bisibisi, kifungua kopo na msharasi wa kutobolea. Lakini nchini hapakuwa na kiwanda kilichoweza kufua visu vingi kiasi hicho, na visu 15,000 vya kwanza vikaagizwa Solingen, Ujerumani.

Jambo hili lilimchoma Elsener. Akawaunganisha wahunzi wa visu katika chama, ili kazi ya jeshi la Uswisi iwalishe Waswisi, na mwaka 1891 wakaanza kulipatia jeshi visu. Nia ilikuwa njema, hesabu ilikuwa mbaya. Viwanda vya Solingen viliuza kwa bei nafuu zaidi. Wenziwe wakajitoa, naye akabaki akielemewa na hasara hata akakaribia kufilisika. Hapa mwanafunzi wa historia hana budi kutua. Mapenzi ya nchi yalimwingiza mtu huyu mashakani, lakini hayakumtoa. Kilichomtoa ni ufundi.

Kisu cha askari kilikuwa imara, lakini kizito. Elsener akakusudia kuwafanyia maofisa kisu chepesi. Ili kuelewa alilofanya, yafaa tukifungue kisu kwa akili. Kila chombo kinachokunjwa kina kisigino kilichotobolewa na kupitishwa ribiti, nayo ndiyo mhimili wake. Kando ya kisigino hulala kamani, ukanda wa feleji wenye kukibana. Chombo kizungushwapo, pembe ya kisigino huisukuma kamani. Kifikapo mwisho wa safari, kamani hurudi na kulala juu ya ubavu ulionyooka, chombo kikatulia. Hakuna kufuli, mlinzi ni mkazo wa kamani peke yake. Elsener aliipa kamani hiyo kazi ya pande mbili. Tumboni ilibana mabapa, na mgongoni kamani ile ile ilibana vyombo vingine, kizibuo cha chupa kikiwa kimojawapo. Hivyo kamani mbili tu zikatosha vyombo sita, na uzito ukapungua.

Kisu hiki kilisajiliwa tarehe 12 Juni 1897. Jeshi halikukigawa, lakini maofisa walikinunua kwa fedha zao wenyewe, na biashara ikainuka. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, Elsener alilifanya jina lake kuwa alama ya kazi yake. Mwaka 1921 kiwanda kilipoanza kutumia chuma kisichoshika kutu, kiitwacho inox, majina mawili yakaungana kuwa Victorinox.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, askari wa Marekani walivinunua visu hivi kwa wingi. Jina la Kijerumani, Offiziersmesser, likawashinda kutamka, wakakiita kisu cha jeshi la Uswisi. Hivyo kisu ambacho jeshi halikukigawa ndicho kilichobeba jina la jeshi duniani kote. Wingi wa vyombo ndio unaosifiwa na watazamaji. Lakini aliyekiunda aliokoka kwa kupunguza, si kwa kuongeza.