Jina Lililo Juu ya Sarafu

Mkokotoni inatazamana na kisiwa cha Tumbatu, na madau huvuka mkondo ule kutwa nzima, yakienda na vyakula, yakirudi na samaki. Zamani bidhaa nyingine ilishuka hapa. Wataalamu wa mambo ya kale wameokota kwenye ufukwe wa Mkokotoni shanga za kioo kwa wingi, punje ndogo zilizoletwa kwa majahazi kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi enzi mji wa mawe wa Tumbatu ulipostawi. Yaqut, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliitaja Tumbatu katika kamusi yake ya nchi na miji. Shanga zilivaliwa, lakini pia zilinunua. Hata katika karne ya 19, misafara ya kwenda bara ilibidi ijue mapema ni rangi gani inapokelewa wapi. Aliyefika na rangi isiyotakiwa hakupata hata kibaba cha mtama.

Naanzia kwenye shanga kwa sababu vijana wengi wa Unguja huyasikia maneno ya kripto, yaani fedha za kidijitali, kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu anayetaka fedha zao. Hilo linanisikitisha, maana maneno yenyewe hayana ugumu kwa anayefuata historia ya swali moja: fedha hii nani anaidhamini, na daftari lake analishika nani?

Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, nyingi zikiwa ndogo na nyepesi mno, za karne ya 11. Upande mmoja lilichongwa jina la mtawala. Upande wa pili yaliandikwa maneno ya Kiarabu yanayokwenda kwa vina na jina hilo, yakieleza kwamba mtawala huyo anamtegemea Mwenyezi Mungu. Nani mdhamini? Jibu lilisomeka juu ya sarafu yenyewe.

Katika Mji Mkongwe wa karne ya 19 jibu lilihamia kwenye karatasi. Fedha ya kila siku ilikuwa riale ya Maria Theresa, ambayo kila moja iliandikwa mwaka 1780 hata kama ilitengenezwa miaka mingi baadaye. Ila riale elfu kumi ni mzigo, na baharini kuna hatari. Wafanyabiashara wakubwa walitumia hundi na daftari. Nyumba ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, ilikodi ushuru wa forodha wa Sultani kwa sehemu kubwa ya karne hiyo, na vitabu vyake vya hesabu vilikuwa kama benki. Mwenye pembe za ndovu angeweza kulipwa kwa mstari mmoja wa wino: deni limetoka kwa fulani, limekwenda kwa fulani, na hakuna riale iliyosogea. Kilichotakiwa ni kumwamini mshika kalamu. Mwaka 1908 Serikali ya Zanzibar ilitoa noti zake za rupia, na Januari 1936 zikaanza kubadilishwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki. Mdhamini alibadilika, lakini daftari liliendelea kuwa moja, mikononi mwa mmoja.

Tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au kikundi kilichojiita Satoshi Nakamoto, ambacho hakijajulikana hadi leo, kilisambaza waraka wa kurasa tisa wenye wazo la kumwondoa mshika kalamu. Mtandao wa fedha hiyo ya kidijitali, Bitcoin, ulianza Januari 2009. Kompyuta nyingi duniani hushika kila moja nakala kamili ya daftari. Malipo mapya hukusanywa katika fungu liitwalo bloku, takriban kila dakika 10, na kila bloku hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na bloku iliyotangulia. Ukigusa mstari wa zamani, alama zote zinazofuata zinakataa kulingana, na nakala yako inatupwa na wenzako. Mfuatano huo ndio blokcheni.

Wachimbaji wanaosemwa katika Bitcoin hawana sururu. Wanashindanisha kompyuta kutafuta namba inayotimiza sharti la mtandao. Anayeipata kwanza ndiye anayeongeza bloku na kupewa bitcoin mpya: 50 hapo mwanzo, 3.125 tangu Aprili 2024, kwa kuwa zawadi hupunguzwa nusu kila baada ya miaka minne hivi. Jumla yake haitazidi milioni 21. Tarehe 22 Mei 2010 Laszlo Hanyecz wa Florida alimlipa mtu bitcoin 10,000 amwagizie pizza mbili. Thamani ilitokana na kukubalika, kama ilivyokuwa kwa ushanga.

Pa kusimama kidogo ni kwenye pochi. Pochi ya kripto haina sarafu ndani. Ina ufunguo wa siri, namba ndefu inayothibitisha kwamba una haki ya kuhamisha kiasi kilichoandikwa kwenye daftari. Ufunguo huo huhifadhiwa kwa maneno 12 au 24 ya kawaida ambayo mtu huyaandika pembeni. Ukisahau namba ya siri ya fedha za simu unakwenda na kitambulisho kwa kampuni, unasaidiwa. Ukipoteza maneno haya hakuna ofisi ya kwenda, na akiyaona mwingine, mali ni yake. Ndiyo maana yeyote anayekuomba maneno hayo, hata akijiita msaidizi wa wateja, ni mwizi.



Pwani yetu nayo ina mfano wa fedha inayodhaminiwa na wenyewe wanaoitumia. Mei 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wenye biashara ndogondogo walianza kupokeana vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa, wakidhaminiana wenyewe kwa wenyewe siku ambazo shilingi ni adimu. Waanzilishi, akiwemo Will Ruddick, walikamatwa, na kesi ikafutwa mwaka huohuo. Mpango ule ulikua ukaitwa Sarafu na kuhamia kwenye blokcheni. Majirani waliijua sura ya kila mdhamini.

Sarafu ya kripto ya uongo iliyoitwa OneCoin ilikuwa kinyume chake. Ruja Ignatova aliianzisha mwaka 2014, ikauzwa hadi vijijini Uganda, naye akatoweka Oktoba 2017. Walitaja blokcheni kila mkutano, na blokcheni haikuwepo. Anayejua kwamba daftari la kweli linaweza kukaguliwa na mtu yeyote angeomba alione.

Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za kripto haziruhusiwi nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa nazo. Tangu Julai 2024 sheria inamtaka mwenye jukwaa la kubadilishana mali za kidijitali akate kodi ya asilimia 3. Kenya ilikwenda mbali zaidi Oktoba 2025, ilipopitisha sheria inayowataka watoa huduma za kripto wawe na leseni, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Bitcoin haina jina la mdhamini, lakini anayeiuza Nairobi sasa anatakiwa kulitaja lake.