Betri ya Mama imevimba

Wadau, nimepotea kidogo, mitihani ilinibana. Juzi Mama kanipigia kutoka Matai kwa simu ya jirani: betri yake imevimba mpaka mfuniko umeachia. "Mwanangu, si ndiyo mnayosomea huko?" Nikachemsha! Ikabidi nizame maktaba.

Betri za kuchaji za lithiamu za miaka ya 1970, upande wake hasi (anodi) ulikuwa lithiamu yenyewe. Ukichaji inaota vijimiiba, vinatoboa hadi upande wa pili, moto unawaka. Ikatafutwa nyumba ya kuitunza. Hapo ndipo anaingia Mwafrika mwenzetu, Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes, Moroko. Mwaka 1980, akiwa Grenoble, Ufaransa, alionyesha kuwa lithiamu inaingia na kutoka katikati ya tabaka za madini ya kinywe. Kinywe ni kaboni, imepangwa kama chapati kwenye sahani. Atomu 6 za kaboni zinapokea lithiamu 1.

Akira Yoshino wa Japani alitumia kaboni ya mabaki ya petroli mwaka 1985, Sony wakaingiza betri sokoni 1991. Baadaye viwanda vikahamia kwenye kinywe, ndicho kimejaa kwenye simu zetu. Nobel ya 2019 wakapewa Goodenough, Whittingham na Yoshino. Haigawiwi zaidi ya watu 3, Yazami akabaki nje. Iliniuma, siwafichi. Angalau Tuzo ya Draper ya 2014 alikuwemo.

Sasa wanaijaribu silikoni. Kwa uzito ule ule inabeba lithiamu karibu mara 10 ya kinywe, ila inavimba zaidi ya mara 3 na kupasuka. Mwaka 2008 kundi la Yi Cui, Stanford, likaotesha nyuzi za silikoni nyembamba mno, za kipimo cha nano, zinazovimba bila kukatika.

Nikadhani nimepata jibu la Mama. Wapi! Yake ni gesi, dawa za ndani zimechoka. Nikamwambia asiichaji wala kuitoboa, ampelekee fundi.

Nikamsimulia pia kwamba kinywe tunacho Mahenge na Ruangwa, na kwamba wachimbaji wa tanzanaiti kule Mererani wanatoka shimoni weusi wanang'aa kwa vumbi lake, huku macho yote yako kwenye jiwe la bluu tangu 1967.

Akanyamaza kidogo. "Sawa baba. Sasa betri mpya shilingi ngapi?"

Bumu likitoka nitamtumia.