Viungo vya Maneno katika Nathari ya Kale ya Kiswahili

Nyaraka za kale za pwani, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, aghalabu hazina alama za kituo. Mwandishi alipotaka kumjulisha msomaji kwamba salamu zimekwisha na shauri limeanza, aliandika "wa baadu". Jambo jingine akalifungua kwa "tena", "na" au "ama". Tangu C. G. Büttner achapishe mkusanyo wake wa hati za namna hiyo mwaka 1892, kila mhariri anayezigeuza kwa herufi za Kirumi amekuwa hana budi kuamua mwenyewe mahali pa kutia nukta, na viungo hivyo ndivyo mwongozo wake.

Vingi vyatoka Kiarabu: lakini, bali, wala, ila, au, lau. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kiswahili kilikuwa maskini wa viungo vyake chenyewe. "Iwapo" na "ingawa" ni kitenzi kuwa kilichoganda. "Kwamba" ni kitenzi cha kale kuamba, yaani kusema. Juu ya hayo kiko kiambishi -ka-, ambacho huunganisha matendo pasipo neno lolote.

Hapo ndipo penye hatari. Tippu Tip, ambaye habari za maisha yake zilichapishwa na Brode mwanzoni mwa karne ya 20, asimulia safari zake kwa -ka- mfululizo. Mtu akiandika "tukafika, wakakimbia", amesema tu kwamba kukimbia kulifuata kufika. Hakusema kwamba kufika ndiko kulikowakimbiza. Mfasiri atiaye "kwa hiyo" katikati ametoa hukumu ambayo msimulizi hakuitoa, na mwanahistoria asomaye tafsiri peke yake ataipokea kama ushahidi.

"Hata" nayo hupoteza wengi. "Hata siku ya tatu wakaja" maana yake ni "ilipofika siku ya tatu wakaja", kwa kufuata asili yake ya Kiarabu, "mpaka". Si kwamba siku ya tatu pia walikuja.

Tofauti ya "bali" na "lakini" ni nyembamba zaidi. "Hakudai fedha, bali pembe" hufuta fedha na kuweka pembe mahali pake. "Hakudai fedha, lakini alikuwa na haki nayo" huacha kauli zote mbili zisimame. Katika hati ya deni, neno hilo moja laweza kuamua nani alikuwa mdai.