Majengo ya kisasa: Kabla hujaenda kuyatazama Ulaya, pita Kisumu

Mpwa wangu, kijana aliyezaliwa hapa Mamboleo kwa mama wa Kipwani, amepata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea uuguzi. Juzi tukinywa chai baada ya Isha akaniuliza, "Mjomba, nikipata likizo huko Ulaya nikatazame majengo gani?" Simu yake ilijaa picha: majengo yaliyopinda kama meli, mengine ya kioo kitupu, mengine kama yamesahauliwa kumaliziwa.

Nikamwahidi nitamjibu kwa maandishi ili na wengine wenye safari kama yake wafaidike. Ila jibu langu linaanzia hapa Kisumu, na nina sababu. Usanifu wa kisasa wa Ulaya ulifika kando ya ziwa hili zamani, na mtu aliyejifunza kuyasoma majengo ya nyumbani hatababaika mbele ya yale ya ugenini. Mtembezi hula miguu yake, lakini macho lazima ayatie makali kabla hajatoka.

Mjerumani wa Frankfurt aliyejenga Kisumu

Hospitali ya Aga Khan iliyoko mjini Kisumu ilianza kama nyumba ya uzazi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Msanifu wake alikuwa Ernst May, Mjerumani aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1886. Wanaosoma historia ya ujenzi wanalijua jina hilo vyema. Kati ya 1925 na 1930 May alisimamia ujenzi wa mji wa Frankfurt, na katika miaka hiyo mitano zikajengwa nyumba zaidi ya 10,000 za watu wa kipato cha kawaida. Zilikuwa nyumba za paa bapa, zenye madirisha mapana na bustani, zilizopangwa ili kila familia ipate mwanga na hewa. Humo ndimo mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky alimotia jiko lake la mwaka 1926, dogo la kiasi cha mita mbili kwa tatu na nusu, kila kitu karibu na mkono wa mpishi. Majiko mengi ya makabati unayoyaona leo katika nyumba za kupangisha, za Kisumu na za Mombasa, ni wajukuu wa jiko lile.

Mwaka 1930 May alikwenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya. Alipoondoka huko mwaka 1933 Hitler alikuwa ameshika madaraka, na kwa mtu mwenye asili ya Kiyahudi kurudi kwao kungekuwa kujitia kitanzi. Akaja Tanganyika kulima, kisha akahamia Nairobi na kurudia kazi yake. Vita vilipoanza Waingereza walimfunga kambini kwa kuwa ni Mjerumani. Alipotoka akapanga upanuzi wa mji wa Kampala, akachora Makumbusho ya Uganda yaliyofunguliwa 1954, na kwetu Mombasa akachora hoteli ya Oceanic iliyopindwa kama upinde ikikabili bahari.

Tazama sasa alivyobadilika. Kule Frankfurt alikuwa akilitafuta jua liingie ndani, maana baridi ni kali. Huku alilazimika kulikwepa. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua hupita utosini, na kuta zinazoungua ni zile za mashariki asubuhi na za magharibi jioni. Kwa hiyo jengo la busara hapa huwa refu na jembamba, kuta zake pana zikitazama kaskazini na kusini, lenye vivuli juu ya madirisha na nafasi za kupitisha upepo kutoka upande hadi upande. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walikuwa na elimu hiyo kabla ya yeyote kuiita ya kisasa: baraza, dari za juu, ua wa ndani, na vichochoro vyembamba vyenye kivuli mchana kutwa.

Hospitali iitwayo "Russia"

Ukitoka mjini kuja Mamboleo kwa barabara ya Kakamega, karibu na Kondele utapita hospitali kubwa ya rufaa na mafunzo iliyopewa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Mpe kondakta jina hilo lote naye atakuitikia kwa neno moja: "Russia." Hospitali hiyo, iliyojulikana kwanza kama New Nyanza, ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, na urafiki wa Jaramogi na nchi za kambi ile ulikuwa na mchango mkubwa kuileta.

Kwa sura, jengo lile halina madoido. Mpango wake ni wa kurudiarudia, dirisha baada ya dirisha, bila urembo. Huo ndio uliokuwa mtindo wa Kisovieti wa zama zile: kujenga haraka, kwa wengi, kwa kipimo kimoja. Zanzibar wanaujua ukoo huo kupitia magorofa ya Michenzani, yaliyochorwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Ukisimama mbele ya Michenzani, kisha siku moja ukafika Berlin upande wa mashariki, utadhani umekutana na ndugu wawili waliopotezana.

Lakini "Russia" ina kumbukumbu nyingine ambayo haikuandikwa ukutani. Tarehe 25 Oktoba 1969 Mzee Jomo Kenyatta alikuja kuifungua. Yeye na Jaramogi walikuwa wameshahasimiana, Jaramogi akiongoza chama cha upinzani cha KPU. Maneno makali yalirushwa hadharani, umati ukazomea, na risasi zikapigwa. Serikali ilitaja vifo 11. Watu wa hapa wamesema daima kwamba walikuwa wengi zaidi, na miongoni mwao watoto. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini.

Kwa hiyo ndani ya jengo hilo hilo watu wamezaliwa na kutibiwa kwa miaka zaidi ya hamsini, na siku ya kufunguliwa kwake wengine waliuawa. Ukiliangalia kama zege tu, hujaliona.

Uwanja wa Mamboleo

Endelea na barabara hiyo hiyo mpaka Mamboleo, penye njia panda ya kwenda Kakamega na Miwani. Hapa palikuwa na uwanja wa maonyesho ya kilimo. Leo pana uwanja wa michezo wa kimataifa wenye nafasi za watu takribani 30,000, unaoitwa Jomo Kenyatta. Sikukuu ya Madaraka ya 1 Juni 2021 ilifanyika hapa, Rais Uhuru Kenyatta akiongoza na Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi akiwa mgeni rasmi, ingawa waliokaa vitini walikuwa wachache kwa sababu ya korona. Mwaka uliofuata, Mei 2022, Mamboleo ikapokea wajumbe wa mkutano wa Africities, unaokusanya viongozi wa miji ya Afrika.

Fikiri basi: uwanja wenye jina la Mzee Kenyatta, uliosherehekewa na mwanawe, uko mwendo mfupi wa matatu kutoka hospitali ile ya 1969. Wapo wazee hapa wanaolitaja jina hilo kwa shida. Wapo vijana wanaosema yaliyopita si ndwele, waupate uwanja wa kuchezea. Mimi mgeni wa miaka mingi sina haki ya kuamua baina yao. Ninachosema ni kwamba mtalii akipewa picha ya uwanja bila kisa hiki amepewa nusu ya mambo.

Ukifika Ulaya

Ndege yako huenda ikaondokea Nairobi. Ukipata saa mbili, itazame KICC, mnara wa ghorofa 28 uliokamilika mwaka 1973, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norway akishirikiana na Mkenya David Mutiso. Hiyo iwe mlango wako wa kutokea. Huko mbele, mpwa wangu, nakutajia matano tu.

Frankfurt. Nenda mtaa wa Römerstadt, uliojengwa na Ernst May. Nyumba moja imerudishwa ilivyokuwa na kufanywa makumbusho, pamoja na lile jiko dogo. Ukitoka hapo utawaambia wenzako kwamba aliyejenga mtaa ule alijenga pia nyumba ya uzazi ya Kisumu.

Cologne. Msikiti mkuu wa mtaa wa Ehrenfeld ulichorwa na Paul Böhm, wa ukoo wa wasanifu uliosifika kwa kujenga makanisa. Kuba lake ni kama maganda ya zege yaliyoachana, na katikati pamejazwa kioo ili mpita njia aone ndani. Ujenzi ulianza 2009 katikati ya upinzani mkali, ukafunguliwa rasmi 2018. Tangu Oktoba 2022 adhana ya Ijumaa husikika nje.

Paris. Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu, kazi ya Jean Nouvel na wenzake, ilifunguliwa 1987. Ukuta wake wa kusini una vioo 240 vyenye matundu ya chuma yaliyotengenezwa kufumba na kufumbua kulingana na mwanga, kama mboni ya jicho. Fikra hiyo imetoka kwenye mashrabiya, yale madirisha ya mbao za kimia tunayoyajua Mji wa Kale. Mwaka 1989 jengo hilo lilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan. Mitambo imeharibika mara nyingi. Mbao za babu zetu hazikuhitaji fundi wa stima.

Roma. Msikiti mkuu wa mji huo, uliofunguliwa 1995, uliongozwa na msanifu Paolo Portoghesi. Nguzo zake hupanda na kutawanyika juu kama matawi ya msitu.

Cambridge, Uingereza. Msikiti uliofunguliwa 2019, kazi ya kampuni ya Marks Barfield, ile iliyobuni gurudumu kubwa la London. Nguzo ni za mbao zinazofunguka kama miti, na mwanga wa mchana hushuka kutoka kwenye paa, hivyo taa huhitajika kidogo.

Adabu ni ile ile ya kwetu: uliza ruhusa kabla ya kupiga picha, usipite mbele ya anayeswali, na kina dada wachukue mtandio. Hata hapa nyumbani, hospitali itazame kwa nje. Wagonjwa si maonyesho.

Maswali manne ya kuuliza

Popote utakapokuwa, usiridhike na kusema "zuri" au "baya." Uliza kwanza: jua na upepo vimepewa nafasi gani? Pili: nani alilipa, na alitaka nini? Tatu: mtu asiye na pesa anaingia kupitia wapi, au haingii kabisa? Nne: nani analitunza baada ya sherehe ya kukata utepe?

Maswali haya yanauma zaidi yakirudishwa nyumbani. Kisumu na Mombasa sasa zinaota majengo ya kioo kuanzia chini hadi juu, kioo kikitazama magharibi, mahali jua la saa kumi linapochoma. Mwenye nyumba anafurahia sura. Mpangaji analipa stima ya kiyoyozi, na stima ikikatika anafungua mlango na kujipepea kwa faili. Hayo tunaita maendeleo kwa sababu tumeyaona kwenye picha za Ulaya, ilhali huko hali ya hewa ni nyingine, na Mzungu mwenyewe alipofika hapa alilazimika kujifunza kivuli.

Na yale mazuri tuliyopewa tunayaweka rehani. Mwaka 2011 Makumbusho ya Uganda, kazi ya May, yalikuwa karibu kubomolewa ili pajengwe mnara wa ghorofa 60. Wananchi wakaenda mahakamani, na jengo bado lipo. Sisi Kisumu, likija tingatinga mbele ya jengo kama hilo, tungejua cha kusema? Huwezi kulitetea usilolijua.

Basi mpwa wangu, Mwenyezi Mungu akufikishe salama. Kabla ya safari, chukua nusu siku. Anza Aga Khan, pita Russia, umalizie hapa Mamboleo, na kila kituo uliza yale maswali manne. Umuulize pia mzee mmoja wa Kondele alikumbuka nini akiona jengo lile. Kisha nenda Ujerumani ukawe muuguzi mwema. Nawe ukiulizwa huko unatoka wapi, utakuwa na zaidi ya jina la mji la kuwaambia.